Jua la Mwali

Kichomi kilinikuta niko ndani. Nasema ndani kwa maana ya kwetu Masaki, Kisarawe, enzi za Mwingereza: nilikuwa nimevunja ungo, nikawekwa chumbani kusubiri ngoma ya kutolewa, na mwanamume yeyote, hata baba yangu mzazi, hakuruhusiwa kunitia machoni. Hata sauti yangu ilikuwa mwiko kusikika nje. Mimi niliyezaliwa na mdomo!

Nilipoanza kushindwa kuvuta pumzi, walinifunika kaniki gubigubi wakanibeba kwa kitanda mpaka zahanati. Dawa zikanirudisha duniani. Siku ya kuruhusiwa, dresa, yule mtibabu wa zahanati, alimwambia mama kwamba kilichobaki ni uji, mayai na jua. Nishinde juani kila siku, la sivyo ugonjwa utarudi, na yeye hajui kama nitauweza tena.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto wa maneno. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akinitunza chumbani.

"Mwali hatoki kabla ya ngoma," alisema. "Mwacha mila ni mtumwa."

"Na mwacha mtoto afe ni nani?" mama akamjibu.

Niliwasikia kutoka gizani, nimebaki mifupa mitupu. Niliogopa kufa, niliogopa kuwaaibisha, na niliwakasirikia wote wawili kwa kuniamulia kama mbuzi wa sadaka.

Kesho yake asubuhi nikasikia miguu juu ya paa. Vumbi na mende wakaniangukia, makuti yakafunuliwa, na jua likaja kukaa juu ya tumbo langu. Baba alikuwa amegeuzia uso mikorosho asinione. Shangazi alitafuta kosa akalikosa: mwali yumo ndani, jua ndilo lililoingia.

Tangu hapo baba alipanda kila asubuhi kufunua na kila jioni kufunika. Mtani wetu mmoja, akipita njiani, alimwuliza kama ameamua kuwalisha mbu wa Kisarawe nzima. Baba alicheka akaendelea na kazi yake. Mimi nilisogeasogea mkekani nikilifuata jua langu.

Lakini baba hakushuka kamwe kabla hajanisikia nikikohoa. Kuniuliza hali hakuweza, basi alisikiliza. Kikohozi kikavu, kikohozi chenye makohozi, kikohozi kidogo cha mwisho mwisho. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, nami niliyapenda kuliko uji wa mama.

Kisha ikaja asubuhi ambayo sikukohoa. Nilikuwa nimelala vizuri, kifua chepesi, shangazi ananisuka nywele. Baba alifunua makuti, akangoja. Akangoja tena. Boriti zikalia chini ya miguu yake.

"Jamani," alisema, "mwanangu yupo?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameshafungua kinywa kunikataza, nikamuwahi.

"Shikamoo, baba."

Niliinamisha kichwa nikingoja kofi. Shangazi aliachia nywele zangu, akageukia mlango, akaanza kufukuza kuku kwa sauti kubwa, na mle chumbani hamkuwa na kuku hata mmoja.

"Marahaba, mwanangu," baba akaitikia huko juu, uso bado kaugeuzia mikorosho. "Marahaba. Marahaba."