Panga Kete za Mwenzako

Mwanangu, naikumbuka bado siku mfalme wangu mweusi alipofukuzwa hadi katikati ya ubao, akiwa peke yake, na nikashinda.

Ilikuwa hapa Bunia, wakati bunduki zimenyamaza lakini hakuna aliyeziamini. Parokia iliandaa mashindano ya sataranji, ili vijana wa mitaa isiyotembeleana wakae meza moja. Fainali ilinikutanisha na Dieudo, kijana aliyekimbia vita Djugu pamoja na wazazi wake.

Alicheza kete nyeupe, mkali kama moto wa nyasi kavu. Mapema tu alimtoa farasi wake kafara mbele ya mfalme wangu. Nikamla. Malkia wake akaanza kumwinda mfalme wangu, akamsukuma hadi katikati ya ubao.

"Dada, mufalme yako iko naenda soko?" akanitania.

"Iko natafuta farasi ingine ya kula."

Akacheka. Lakini haraka haraka haina baraka: kete zake nyingi zilikuwa hazijatoka nyumbani. Mashambulizi yalipoishiwa nguvu, zangu zikamzingira mfalme wake. Dieudo akamlaza ubaoni kukubali ameshindwa, akanipa mkono.

Hapo vijana wa mtaa wangu wakapanda juu ya viti, wakaimba nyimbo za vita. Wa upande wa pili wakasimama. Nikamwona Dieudo akitazama mlango.

Muzee Batisti, aliyetufundisha sote wawili mchezo huu, akapiga meza. "Munyamaze! Huyu mutoto ameshinda mutu moja, kwa ubao." Akanigeukia. "Na weye, unangoja nini? Panga kete za mwenzako."

Ndiyo ilikuwa desturi yake: aliyeshinda humpangia aliyeshindwa, ajue bado anatakiwa mezani. Nikazisimamisha moja moja, mfalme mweupe mwisho. Nyimbo zikafifia. Watu wakakaa.

"Siku ingine mimi nitashika nyeusi," Dieudo akasema. "Na mufalme yangu itabakia nyumbani."

Mwanangu, kushinda ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwezesha uliyemshinda aketi tena mbele yako bila woga. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mtu mmoja hachezi sataranji. Mungu akujalie ushindi, akujalie na mpinzani anayerudi.

Vurugu zilipoanza tena, Dieudo alishika njia ya Komanda. Sijapata habari zake. Ubao uko pale dirishani, unauona. Kete nyeusi nimempangia.