Ukuta wa Mama Mkubwa

Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa mchoraji wa mabango. Vinyozi walimletea vibao awachoree vichwa vilivyonyolewa vizuri. Wenye bucha walitaka ng'ombe wanaotabasamu, sijui kwa furaha gani. Kazi za watu alizifanya kwa adabu. Utundu wote aliumalizia nyumbani kwake.

Bustani yake ilikuwa ya masinki ya choo. Mafundi bomba wote walijua pa kupeleka sinki bovu, naye alilipaka rangi, akalijaza udongo, akapanda waridi. Wageni aliwakaribisha papo hapo bustanini, nao wakakosa pa kuelekeza macho.

Lakini gumzo la mtaa lilikuwa ukuta wa mbele. Ukimuudhi, anakuchora pale: sura yako kabisa, na makovu yake, juu ya kiwiliwili cha mnyama. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa kuku anayetaga. Shemeji yake alikuwa fisi aliyevaa tai. Waliochorwa walinuna mbele za watu, kisha wakarudi kimyakimya kupiga picha.

Mama hakuwamo. Ilimuuma, wala hakuficha. Alikuwa anahamia kwa kaka yangu, mbali sana, na alitaka sura yake ibaki ukutani kabla hajaondoka.

"Dada, hata muuza mkaa yumo! Mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, ndiyo maana humo. Ukuta huu hauombwi, mdogo wangu. Niudhi kwanza."

Basi mama, mtu mzima na mvi zake, akaanza uchokozi. Akasema ng'ombe wa dada yake wana macho ya walevi. Mama Mkubwa akacheka, akakiri ni kweli. Mama akang'oa waridi, akashukiwa? Wapi, akashukuriwa kwa kupunguza kazi ya kumwagilia. Mwisho akachukua chokaa, akampaka fisi usoni.

"Ahsante," Mama Mkubwa akasema. "Pua yake ilikuwa imenishinda."

Siku ya safari mama alipanda basi amenuna, hata kuaga hakuaga vizuri.

Kesho yake nilikwenda kumwangalia Mama Mkubwa. Nilimkuta chumbani, amesimama juu ya kitanda, brashi mkononi, macho mekundu. Ukutani, juu kidogo ya mto wake, mama yangu alikuwa mbuni anayetimua mbio, begi kwapani, bila kugeuka nyuma.

Nikampigia mama simu palepale.

"Umechorwa."

"Ukuta wa mbele?"

"Hapana. Chumbani kwake, anapolala."

"Sasa nimemuudhi kwa lipi, jamani? Si alikuwa ananicheka tu?"

Mama Mkubwa akaninyang'anya simu.

"Umeondoka!" akafoka, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Mshenzi mkubwa wewe, umeondoka."