Tope Chini ya Pikapu

Kaka yangu alipofariki aliniachia pikapu kuukuu pamoja na kelele yake. Ko-ko-ko, mbele kushoto, kila tairi lilipoingia shimoni. Kipindi kile cha dhahabu pale Nyangoto aliitumia kubebea viroba vya mawe kutoka machimboni kwenda kusagwa, kwa hiyo sikushangaa.

Mama ndiye aliyeshindwa kuivumilia. Dada yetu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume huko Machochwe, naye alingoja kupewa jina la marehemu. Nyumbani kwetu jina la namna hiyo hutolewa na mama aliyemzaa aliyekufa. Mama alipanda, tukaenda hatua chache, akaniambia nisimame.

"Mgongo wangu si kiroba," alisema akishuka. "Likinyamaza, uniite."

Sherehe ilikuwa Jumapili. Fundi jirani yetu aliingia uvunguni, akagonga huku na huku, akasema ni shokapu. Tukabadilisha. Ko-ko-ko. Akasema ni bushi za springi. Tukabadilisha. Ko-ko-ko.

"Mura, ndugu yangu, niruhusu nioshe huku chini," akasema Ijumaa. "Namtibu mgonjwa aliyevaa koti."

"Hapana."

Kwetu gari la kubebea mawe halioshwi ovyo. Unga wa mawe huvuja kwenye viroba, ukashikana na tope, na kila mtu anaamini iko siku atalikwangua alichekeche apate chochote. Marehemu alikuwa akilipapasa tope lile akisema ndiyo akiba yake. Nilimwambia fundi nalinda dhahabu. Nilidanganya. Sikutaka tu kulimwaga tope la kaka.

"Basi tukinge kwa karai," akasema. "Hakuna kitakachopotea."

Tulikwangua makarai mawili. Nyuma ya tope ikaonekana bolti inayoshika mkono wa tairi. Nati yake ilikuwa imelegea mpaka karibu ianguke. Fundi akapenyeza nondo, akasukuma. Ko.

"Huyu hapa mwizi," akasema, kisha akainamisha kichwa. "Shokapu yako ya zamani ilikuwa nzima."

"Mimi ndiye niliyekukataza kuosha."

Akafunga bolti mpya. Tope tukalichekecha kwenye beseni, majirani watatu wamechuchumaa wanakodoa macho. Tukapata punje za mtama na kifuniko cha soda.

"Tajiri, usitusahau," mmoja akaniambia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Tope lenyewe nililimwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba ya kaka.

Jumapili mama alipanda, kanga mpya mabegani. Tulipopita Mugumu akasema, "Limenyamaza mno. Nasikia hata unavyopumua."

Kisha akaanza kulitamka lile jina, polepole, tena na tena, kama mtu anayeonja uji kabla ya kumpa mtoto. Tangu tumzike, sikuwa nimelisikia kinywani mwake. Mashimo yaliyobaki niliyapita taratibu sana, ingawa gari halikuwa na shida tena.