Ukoo wa Nyanya, Gredi ya Nne

Nawasihi, hili libaki hapa kwenye kundi. Hata mama asilisikie.



Mwalimu wa Masomo ya Kijamii anaugua, basi mwalimu mkuu akanituma mimi, karani, nishike Gredi ya Nne. Mada ilikuwa koo zetu. Nikawafundisha vizuri kabisa: kwetu mwanamume haoi katika ukoo wa mama yake, kwa sababu wanawake wote wa huko ni mama zake.

Kisha nikawaambia wataje ukoo wa nyanya.

Akasimama Mercy, binti wa kaka ya mchumba wangu. "Kukhu, mama yake baba, alizaliwa kwa Abamutama."

Abamutama ni sisi!

(Mimi na mchumba tuliulizana ukoo wa baba tu.)

"Na wewe, ticha?"

Nikataja ukoo wetu kabla sijafikiri.

Mercy akashika mdomo. "Ai! Basi baba mdogo anaoa mamake!"

Darasa zima likaangua kicheko.

Jumamosi wazee wake wanaleta ng'ombe nyumbani. Nimwambie nani kwanza, yeye au baba? Mercy anafika kwao saa kumi.

Msinipigie nikiwa nyumbani, mama hupokea simu yangu. Njooni dirisha la ofisi wakati wa chai, mjifanye mnamtafutia mtoto nafasi.