Tumefika

Gaspari, fundi baiskeli wa pale njiapanda ya Mkiwa, hakuwahi kusema "nimefika" maisha yake yote. Akishakaribishwa mlangoni alisema, "Tumefika," hata akiwa peke yake. Siku alipokwenda Kilimatinde kujitambulisha ukweni, mama yake Luciana alitoa viti vyote nje kupokea ugeni, akamkuta kijana mmoja tu amevua kofia. Luciana alicheka mpaka akaolewa naye.

Pakiwa na msiba au harusi, kwa Wakristo au kwa Waislamu, Gaspari alifunga banda lake, akabeba jembe au shoka, akaenda, na akirudi alisema, "Tumesaidia."

"Wewe na nani?" mkewe alimchokoza.

"Mimi na nyumba yangu."

Luciana alinuna kidogo, maana yeye alikuwa amebaki na Gerald mgongoni na alizeti ya kupeta.

Mwaka jana Gaspari alifariki. Juzi jirani yao, Sikudhani, alikuwa anaozesha binti. Luciana alijitwika sufuria lake kubwa, akaenda peke yake, akabisha hodi.

"Shikamoo, Mama Gerald. Karibu."

"Marahaba. Tumefika."

Sikudhani alimpokea sufuria, akaingia ndani, akatoka na viti viwili, akamwekea vyote.