Namba 113 ya Makaburi ya Alunguli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Emerance Tambwe anasimama kwenye makaburi ya ukingoni Alunguli, ng'ambo ya mji wa Kindu, na kuanza kuita. Hatumii mdomo. Ameshika kifaa kinachofanana na pasi, anakipitisha juu ya udongo mpaka kinalia, na namba inatokea kwenye kioo. Anapiga hatua, anaita tena.

"Wa ine iko," anasema. "Wa tano iko."

Wanaokwenda sokoni wakifika hapo hukaza mwendo. Na ukisimama pale kabla ukungu wa mto Lualaba haujainuka, hata uwe umesoma vipi, mwili unakusisimka.

Emerance, mwenye miaka 44, ni mhadhiri. Shahada yake ya uzamivu aliipata Kisangani, akichunguza vitambulisho vya redio visivyo na batri. Ni vipande vyembamba kama ukucha. Hulala kimya miaka na miaka. Vikiguswa na wimbi la redio vinaamka, vinataja namba yao na unyevu wa udongo, kisha vinalala tena.

"Batri ingekufa," anasema. "Hii haina kitu ya kufa."

Alivikusudia kwa mashamba ya mpunga ya Kailo. Vita ndivyo vilivyomleta hapa. Mwaka 2002, mji ukiwa umezingirwa, watu walizikwa ukingoni harakaharaka, bila alama wala majina. Sasa mto unaula ukingo, mita tatu kwa mwaka. Kamati ya mtaa imekubali kuyahamishia makaburi sehemu ya juu, mbali na mto, kabla ya mvua za Septemba, lakini ni yale tu yaliyomo kwenye orodha ya Emerance. Asiyeitika atabaki, na mto utamchukua.

Familia zilimwonyesha makaburi 112. Kwenye kila moja alifukia kitambulisho, shubiri moja chini.

Mwezi Mei likaitika la 113.

"Nikasema mashini imeharibika," anakumbuka. "Nikazima, nikawasha. Ikaitika tena."

Palikuwa na ardhi tupu kando ya mgomba, hakuna hata tuta. Na kilichomtisha zaidi ni hiki: mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, makaburi yote yalisema yamelowa chepechepe, hilo peke yake likasema pakavu. Kana kwamba aliyelala humo alikuwa na nyumba. Usomi wote ulimtoka. Alirudi nyumbani bila kuyaita yaliyobaki.

Kesho yake alikuja na Kasimu, mwenyekiti wa kamati, wakachimba. Walikuta mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na shati la shule lililokunjwa, na juu ya shati kitambulisho cha akiba ambacho Emerance alidhani amekipoteza. Mfupa hakuna.

Walipogeuka, Mama Adèle, jirani wa makaburi hayo, alikuwa amesimama nyuma yao. Hakukana: kitambulisho alikiokota, na mfuko aliufukia yeye. Shati ni la mwanawe Ephraïm, aliyechukuliwa na watu wenye silaha mwaka uleule wa 2002 akitoka shule. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

"Sasa Mama, kwa nini haukuniambia?" Emerance alimuuliza.

"Nilisikia uko unaita watu, na wanaitika. Wa kwangu hakuna mutu anamuita. Ni mimi tu, na sauti imeisha."

"Lakini Mama, hii kitu haiite mutu. Inaita namba tu."

"Basi, mwanangu, umuite na namba."

Kasimu alitaka namba hiyo ifutwe kwenye orodha. Kamati inahamisha mifupa, alisema, si mashati. Na huyo kijana huenda yu hai. Emerance alikaa na orodha hiyo siku nne. Ndiyo utafiti wake, ndiyo makala anayotaka kuichapisha, na mstari mmoja wa uongo unatosha kuiharibu yote. Lakini hakuufuta.

Mwishowe aliufukia mfuko palepale. Namba 113 imo kwenye orodha ya kuhamishwa, na pembeni yake, mahali pa jina la marehemu, ameandika: "Anasubiriwa."

Kazi ya kuhamisha itaanza Agosti. Emerance anapanga kuendelea kuyaita makaburi huko juu kila wiki, yote 113. Anayo hata hivyo namba moja ambayo angependa kuipoteza.

"Siku moja nichimbue ile ya Ephraïm, niifute," anasema, "na mwenyewe iko hapa kando yangu, mutu mukubwa, anacheka shati yake namna ilikuwa kadogo."