Kichwa Kilichopenda Kawangware

Aoko alikuwa amesuka Kambi Muru nzima. Sehemu hiyo ya Kibera haina mwanamke ambaye kichwa chake hakijawahi kubanwa katikati ya magoti ya Aoko, na wako wanaoapa kwamba akikuvuta laini za nywele za mbele unaona mpaka kesho kutwa. Miaka kumi na tisa alifanyia kazi hiyo mlangoni kwake, juu ya kigoda, na jua lilikuwa lake na vumbi lilikuwa lake.

Kichwa chake mwenyewe sasa, hicho hakuna aliyekijua. Kilikaa ndani ya kitambaa asubuhi mpaka jioni, na huko ndani mambo yalikuwa mabaya. Nywele zilikuwa kavu, rangi ya majivu, ukizigusa zinakatika. Jumapili moja alijikuna kidogo tu kanisani, na vumbi lililotoka hapo likamfanya mhubiri asimamishe mahubiri awaambie watu watubu, mlima umelipuka. Mimi sikuwepo, lakini waliokuwepo bado wanakohoa.

Basi kukawa na huyu Celine. Alizaliwa Kambi Muru hapo hapo, na msuko wake wa kwanza alisukwa na Aoko akilia. Sasa ana saluni yake Kabiro, kule Kawangware, yenye vioo na viti vinne vya kuzunguka. Kiti kimoja kilikuwa wazi, na Celine akamwita Aoko aje akione.

Aoko akakiangalia kile kiti. Mgongo wake ulikuwa umechoka kuinama kwenye kigoda. Alikitaka kiti hicho vile mtu anataka maji ya kunywa.

"Auntie, mikono yako naijua," Celine akamwambia. "Lakini mteja akiingia hapa, kitu cha kwanza anaangalia ni kichwa cha msusi. Toa kitambaa."

Aoko akatoa. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha akajitoa mwenyewe ili aone vizuri.

"Haki, auntie," Celine akasema polepole. "Umekuwa ukificha nini huku?"

Hakumfukuza. Alimkalisha, akamwosha kwa mikono yake, akamwambia sheria zake, na zilikuwa chache: osha mara moja kwa wiki na shampuu, paka kondishena, ngoja kidogo, suuza. Mafuta kidogo kwenye ncha. Suka matuta yaliyolegea, lala na kitambaa kinachoteleza. Basi.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Baada ya wiki tatu, Jumamosi, ukuje na kichwa ulichoosha mwenyewe, kwako. Kiking'aa, kiti ni chako. Kikikataa, kuna msichana mwingine anangoja."

Aoko alirudi Kibera na nywele zinazong'aa mpaka akina mama wa Ngong Road walikuwa wanajiangalia humo wakipaka lipstick. Jirani yake Kavetsa, anayepika maharagwe ya kuuza na anayemwita kwa jina la mwanawe Hope, alimzunguka mara mbili.

"Mama Hope, hicho ni kichwa chako ama umeazima?"

"Ni changu."

"Basi kile kingine kilikuwa cha nani?"

Wiki ilipoisha Aoko akaosha mwenyewe. Shampuu ni ile ile, kondishena ni ile ile, dakika ni zile zile. Povu lilikataa kutoka, akafikiria shampuu ni feki, akaongeza. Kichwa kilipokauka kikawa majivu tena, kigumu kama kamba ya kufungia mbuzi.

Akakaa akijiangalia kwenye kioo. Nimekosea wapi? Alihesabu hatua kwa vidole. Zilikuwa zote. Akahesabu tena akianzia mwisho. Bado zilikuwa zote.

Hapo ndipo mawazo yalipoanza kumzunguka. Labda kichwa chake kimependa Kawangware tu. Labda Celine ana mkono wa baraka. Labda ni mto wa kulalia, labda ni moshi wa Kavetsa, labda ni yule mama mkwe marehemu ambaye hakuwahi kumpenda.

Akamuuliza Kavetsa, na Kavetsa hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe.

"Mafuta ni kidogo. Ongeza."

Akaongeza. Nzi watatu wakatua wakashindwa kuruka.

"Basi mafuta ni mengi. Weka yai."

Akaweka yai, akasuuza na maji moto, na yai likaiva hapo hapo kichwani. Alitoa vipande vya yai kwa kitana mpaka saa nane mchana. Mbwa mmoja alimfuata kutoka Kambi Muru mpaka mtaa wa Raila, na kila Aoko akigeuka, mbwa anakaa chini kwa heshima.

"Jaribu ovakado," Kavetsa akasema.

"Kavetsa, mimi ni kichwa, si hoteli."

Lakini akajaribu. Akajaribu na kitunguu, akajaribu na chai baridi. Kuna siku aliosha mara tatu, na kuna siku aliapa hataosha tena. Kadiri alivyoosha ndivyo kichwa kilivyozidi kukauka, na hilo ndilo lililomchanganya kabisa, maana kitu kikioshwa kinafaa kuwa safi. Wiki ya pili ikaenda hivyo. Ya tatu ikaingia. Celine akapiga simu kukumbusha, na Aoko akajibu kwamba kila kitu kiko sawa, kisha akakaa chini.

Jumatano ya wiki hiyo Kavetsa alikuwa na haja ya kwenda kumwona dada yake aliyejifungua. Akamwachia Aoko sufuria ya maharagwe jikoni.

"Uangalie tu yasiungue. Maji yakipungua, ongeza."

Maji yalipungua. Aoko akaongeza kutoka kwa mtungi wake mwenyewe, ule wa maji anayouziwa na Lusweti mwenye tangi pale karibu na mlango wake. Akakaa. Maharagwe yakachemka. Saa sita yalikuwa magumu. Saa tisa yalikuwa magumu. Kavetsa aliporudi jioni, akachukua moja akauma, akashika shavu.

"Umeweka maji ya nani humu?"

"Ya Lusweti."

"Mama Hope. Umeniulia maharagwe. Lusweti anauza maji ya chumvi, ya kisima cha kuchimba. Hayo hata ukichemsha mpaka Krismasi maharagwe hayalainiki. Mimi nachota ya kanjo, ya mfereji wa jiji, kule Raila, kwa nini unafikiri natembea hivyo kila asubuhi?"

Aoko hakuwa anajua. Yeye hapiki maharagwe, ananunua ya Kavetsa. Chai yake ina sukari nyingi hata bahari ingeingia humo hangeisikia. Alisimama akiangalia sufuria, halafu akashika kichwa.

"Kwa hivyo maji ya kule kwa Celine..." akasema.

"Kwa hivyo nini? Kama hayo maji yameshinda maharagwe, nywele ni nani?"

"Na ulikuwa unajua wakati wote? Na unanipakaza mayai?"

"Uliniuliza nywele," Kavetsa akasema. "Hukuniuliza maharagwe."

Aoko alienda kwa Lusweti akamuuliza kama maji yake ni ya kanjo. Lusweti alifikiri kidogo.

"Mama, maji ni maji. Mengine yanatoka juu, mengine yanatoka chini. Yangu ni ya chini."

Ijumaa Aoko akapanga foleni Raila, akabeba mtungi mwenyewe mpaka shingo ikafupika. Akaosha. Mara ya kwanza povu likasita. Mara ya pili likaja. Mara ya tatu likapanda, likamfunika masikio, likashuka mabegani, na majirani wanasema mtoto fulani alipotelea humo akapatikana Jumapili. Kondishena, akangoja, akasuuza, mafuta kidogo kwenye ncha. Hakuongeza chochote. Mkono ulimwasha kutaka kuongeza, akaukalia.

Jumamosi akavuka kwenda Kabiro bila kitambaa, akihisi upepo mahali ambapo hakuwa ameuhisi kwa miaka.

Celine alimgeuza kwenye mwanga. Akaingiza vidole, akavuta taratibu, akaangalia kama kuna kilichobaki mkononi. Akanusa.

"Pembeni bado ni nyepesi."

"Hizo nilizivuta mwenyewe. Zitarudi."

"Umetumia nini?"

"Vile uliniambia."

"Vile nilikuambia tu?"

"Tu," Aoko akasema. "Mwishoni."

Celine alienda kwenye kile kiti cha nne, akaondoa mkoba wake uliokuwa juu yake, akautundika ukutani, akarudi kwa mteja wake. Aoko akabaki katikati ya saluni, hajui kama ameambiwa kitu ama bado. Akaangalia kiti. Akaangalia mkoba.

"Auntie," Celine akasema bila kugeuka, "utasimama hapo mpaka lini? Wateja watafikiri umekuja kuuliza choo iko wapi."